Njugu na Karanga: Habari za Majina Mawili na Safari Zake

Sisi tukaao Kitaji, katika mji wa Musoma, tuliitwa siku moja sokoni kuamua ugomvi. Mfanyabiashara mmoja wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari alikuwa ameagiza kwa simu magunia manne ya njugu kwa mama mmoja mzee auzaye nafaka. Mama yule akazunguka vijijini, akakusanya kwa wanawake wenzake, huyu debe moja, yule nusu debe, na fedha ya kuwalipa akaikopa, hata magunia yakatimia. Mnunuzi alipofika akafungua gunia la kwanza, akatia mkono, akatoa punje za mviringo, nyingine nyeupe, nyingine nyekundu, ngumu kama changarawe.

Akasema, "Mama, hizi si njugu."

Yule mama akamjibu, "Mwanangu, kama hizi si njugu, basi njugu ni zipi?"

Mtu yule akaenda meza ya pili, akachota karanga, akamwonyesha. Watu wakacheka. Mama hakucheka, maana deni lilikuwa lake. Ndipo wakatutuma mtoto, wakisema kwamba mwalimu ana vitabu, na aje aseme njugu ni kitu gani. Tulifika, tukawasikiliza wote wawili, tukajibu kwamba wote wawili wasema kweli. Jibu ambalo halikumpendeza hata mmoja wao. Yafuatayo ni maelezo ambayo siku ile hatukupata nafasi ya kuyatoa, kwa kuwa jua lilikuwa kali na watu wengi.

Wasomaji wetu wanajua kwamba mimea hii ni miwili, ingawa yote huzaa chini ya udongo. Wa kwanza ni ule ambao Kiswahili sanifu huuita njugu mawe. Huu ni mmea wa Afrika; ndugu zake wa porini huota hata leo katika nchi za Kameruni na Nijeria, na wataalamu wa mimea huona kwamba kilimo chake kilianzia pande za Afrika ya Magharibi. Wa pili ni karanga, nao ni mgeni. Asili yake ni Amerika ya Kusini, katika nchi zinazoitwa leo Bolivia na Ajentina ya kaskazini, nao ukafika Afrika mikononi mwa Wareno katika karne ya 16, baada ya merikebu zao kufika Brazili mwaka 1500.

Tunaye shahidi wa zamani kuliko Wareno. Ibn Battuta, yule msafiri wa Tanja aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisafiri pia mpaka ufalme wa Mali mwaka 1352. Katika habari za njia ile ya Mali aeleza kwamba watu huchimba ardhini punje zilizo kama maharagwe, wakazikaanga na kuzila, na ladha yake ni kama ya dengu zilizokaangwa. Hazikuwa karanga, kwa sababu karanga zilikuwa bado ng'ambo ya bahari, na Kolumbo alikuwa hajazaliwa. Wengi wafikiri kwamba zilikuwa njugu mawe, nasi twakubaliana nao.

Basi, ikiwa Waafrika walikuwa na njugu mawe tangu kale, na neno njugu ni la Kibantu, na laonekana kwa sura mbalimbali toka pwani yetu hata kusini ya Zambezi, neno hilo lilikuwa la nani? Twaona kwamba lilikuwa la mwenyeji. Hapakuwa na haja ya kuongeza "mawe," kwa kuwa hapakuwa na njugu nyingine. Mtu mwenye mtoto mmoja hamwiti "mwanangu mkubwa." Neno "mawe" liliongezwa siku alipokuja mgeni mwenye punje laini, naye akapewa jina la mwenyeji wake kwa kuwa walifanana katika kuzaa chini. Hata kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yaonyesha hali hiyo: njugu zawekwa namna mbili, njugu nyasa zilizo laini, na njugu mawe zilizo ngumu.

Mahali pengine mgeni alifanya zaidi ya hapo. Washona wa Zimbabwe huita karanga nzungu, neno ambalo sikio lolote la Mswahili hulitambua, na njugu mawe wameziachia jina jingine kabisa, nyimo. Huko Bukini, yaani Madagaska, karanga huitwa voanjo, na njugu mawe huitwa voanjobory, maana yake voanjo za mviringo. Voa ni mbegu au tunda kwa Kimalagasi. Na ile njo iliyobaki hatuwezi kuitazama bila kuikumbuka njugu yetu, kwa kuwa watu wa Afrika wamevuka kwenda kisiwa kile tangu karne nyingi. Lakini tazama tena: mgeni amechukua jina tupu, na mwenyeji ameongezewa sifa ili asipotee. Mfaransa Thouars alipoutungia mmea wa mwenyeji jina la kitaalamu mwaka 1806, alilitoa katika jina hilo la Bukini, akauita Voandzeia, na jina hilo likakaa vitabuni hata mwaka 1980, mmea ulipohamishiwa katika jamaa ya kunde.

Waswahili husema, mgeni njoo mwenyeji apone. Katika habari hizi mwenyeji hakupona sana.

Wakikuyu wamelipeleka neno mbali zaidi, maana kwao njũgũ ni mbaazi, mmea usiozaa chini hata kidogo. Kwa hiyo mtu akitoka Kilwa kwenda Nyeri na neno moja tu mfukoni, aweza kupewa vyakula vitatu mbalimbali, na kila ampaye atakuwa amesema sawa kwa desturi ya kwao.

Tumetaja njugu nyasa, na jina hili lafaa kutazamwa peke yake. Nyasa ni ziwa la kusini, nalo ni neno moja na nyanja na nyanza, maana yake maji makubwa. Kwa hiyo sisi wa Musoma, tukaao juu ya Nyanza, tungeweza nasi kudai njugu hizo kwa haki ya jina! Twaona kwamba watu wa pwani waliziita hivyo kwa sababu zilitoka, au zilidhaniwa kutoka, pande za ziwa lile. Hawakujua habari za Amerika, wala hawakuwa na sababu ya kuzijua. Mtu hukipa kitu jina la mahali alipokipokea, si la mahali kilipozaliwa.

Jambo hili si la Waswahili tu. Warusi wana kokwa moja ambayo Kiswahili huiita jozi, kutoka Kiarabu. Ni tunda la mti wa nchi za baridi, lenye kifuu kigumu, na ndani yake limekunjamana kama ubongo. Warusi huliita gretski orekh. Orekh ni kokwa ya namna hiyo, na gretski ni umbo la kale la neno lenye maana ya "ya Kigiriki." Mti wenyewe si wa Uyunani kwa asili, kwao ni Uajemi na nchi za katikati ya Asia. Lakini Warusi wa kale walifanya biashara na Wagiriki wa Bizantio kwa njia ya mto Dnieper na Bahari Nyeusi, na kokwa zikaja katika vyombo vya Wagiriki. Basi zikawa za Wagiriki. Waingereza nao huliita tunda lilelile walnut, na sehemu ya kwanza ya neno hilo ni neno la kale la Kijerumani lililomaanisha mgeni, hasa Mrumi au Mgalia. Kwa hiyo tunda moja laitwa Kigiriki upande wa mashariki wa Ulaya, na la kigeni upande wa magharibi, na Waajemi hawakutajwa popote. Wamisri wakiuza karanga mjini Cairo huziita ful sudani, maharagwe ya Kisudani, na Wasudani hawakuzianzisha wao zaidi ya watu wa Nyasa.

Warusi wana jina jingine la kokwa ambalo latugusa karibu zaidi, na wasomaji watatuwia radhi tukikaa hapo kidogo, kwa kuwa ni nadra neno la Warusi kuwa na ndugu katika nyumba zetu. Kokwa ndogo ya mviringo, ya ukubwa wa gololi, huitwa kwao funduk. Neno hili Warusi walilipata kwa Waturuki, na asili yake ni Kigiriki, pontikon, yaani kokwa ya Ponto. Ponto ni nchi iliyo pwani ya kusini ya Bahari Nyeusi, nayo si ngeni kwa wasomaji wa Matendo ya Mitume: Akila, yule mshona hema rafiki wa Paulo, alikuwa mzaliwa wa huko. Kumbe hili nalo ni jina la mahali, tena safari hii mahali pa kweli, maana kokwa hizo hulimwa sana pwani ile hata leo.

Waarabu walilipokea neno lilelile, wakalitamka bunduq. Kwanza lilikuwa kokwa. Kisha wakaita bunduq vile vitufe vidogo vya udongo au risasi vilivyorushwa kwa upinde kuwinda ndege, kwa sababu vilifanana na kokwa. Sultani Baibars wa Misri, aliyetawala toka 1260 hata 1277, aliitwa al-Bunduqdari kwa kumfuata bwana wake wa kwanza, ambaye alipewa jina hilo kwa kazi ya kuchukua upinde wa namna hiyo. Baadaye ilipokuja silaha ya baruti irushayo kitufe cha risasi, jina likahamia kwenye silaha, na silaha ikaletwa pwani yetu pamoja na jina lake. Ndiyo bunduki. Mrusi akila funduk na askari akichukua bunduki, wote wawili wanataja Ponto bila kujua.

Turudi sokoni Musoma. Neno karanga halina mahali ndani yake. Mtu aweza kudhani kwamba latokana na Wakaranga wa Zimbabwe, au na Karanga ya Moshi, kwa kuwa herufi ni zilezile. Lakini kufanana kwa herufi si ujamaa, na hatuoni kitu cha kuliunga mkono wazo hilo. Asili yake iko jikoni. Kitenzi tusemacho leo kukaanga, wazee wa pwani walikuwa wakikitamka kukaranga, na hivyo ndivyo alivyokiandika Dakta Krapf katika kamusi yake ya maneno ya Mombasa, iliyochapwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Kiswahili kina desturi ya kupoteza sauti ya l au r iliyo kati ya vokali mbili: lugha nyingi za bara husema njila, Kiswahili chasema njia; wengine husema kufungula, sisi twasema kufungua. Vivyo hivyo r ya kukaranga ilipotea katika kitenzi, tukabaki na a mbili zinazofuatana, kama alama ya mguu aliyoiacha mtu aliyekwisha kupita. Lakini katika jina la chakula r haikupotea. Karanga, basi, ni kilichokaangwa.

Wapishi wataona mara moja kwa nini jina hili lilimfaa mgeni na halikumfaa mwenyeji. Njugu mawe zikikauka ni za kuchemsha, tena kwa kuni nyingi na subira. Mama mwenye haraka hazichagui. Zikiwa mbichi huchemshwa na maganda yake, kwa chumvi, na watoto huzimenya kwa meno njiani. Karanga huwekwa katika kikaango, zikapinduliwapinduliwa kidogo, na tayari zaliwa. Watu walizigawanya kwa chombo: hizi za chungu, zile za kikaango.

Sasa tutazame usemi wa ndugu zetu wa Kenya, ambao ndio ulioleta ugomvi. Wao husema njugu karanga. Kwa masikio ya Mtanzania usemi huu ni kama kusema "ng'ombe mbuzi," na tumewasikia walimu wakiucheka darasani. Si wa kuchekwa. Twaona kwamba huo ndio usemi uliokamilika, nao una maana ya njugu za kukaanga, kinyume cha njugu mawe. Usemi wa maneno mawili, ukitumiwa kila siku na watu wenye shughuli, hukatwa. Upande wa Kenya, wakiwa na haraka, wamekata mkia, wakabaki na njugu. Upande wetu tumekata kichwa, tukabaki na karanga. Waluo, walio pande zote mbili za mpaka, huziita karanga njugu, wakalingana na Kenya. Yule mama na yule mnunuzi walikuwa wameshika usemi mmoja, kila mtu ncha yake.

Kwa sababu hiyo twawasihi walimu wa shule zilizo karibu na mpaka wasimtie mtoto alama ya kosa akiandika njugu pale wao wangeandika karanga. Afundishwe kwamba Kiswahili sanifu cha Tanzania kinataka karanga, naam. Lakini asiambiwe kwamba mama yake hajui Kiswahili.

Neno moja zaidi juu ya mgeni, kwa sababu mtu aweza kuuliza kwa nini alimshinda mwenyeji sokoni na katika vitabu pia. Jibu ni mafuta. Karibu nusu ya uzito wa punje ya karanga ni mafuta; katika njugu mawe mafuta hayafiki sehemu moja ya kumi, na sehemu kubwa ni wanga. Njugu mawe humshibisha mwenye shamba, lakini kiwanda hakizitaki. Baada ya vita kuu ya pili Uingereza ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula, na serikali yake ikaanza mwaka 1947 kusafisha misitu ya Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, ikikusudia kulima karanga katika zaidi ya ekari milioni 3. Mvua zilipungua, mitambo ikavunjikia visikini, na udongo wa Kongwa ukikauka ulikuwa mgumu hata karanga hazikung'oka. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na hasara yake ilikuwa kama pauni milioni 36. Njugu mawe, ambazo huvumilia ukame na ardhi duni kuliko karanga, hakuna aliyeziuliza. Zilikuwa zikilimwa na wanawake pembeni mwa mashamba, bila fedha ya mtu, nazo hazikuwa na jina katika hesabu za London.

Hatari tuionayo ni hii: kitu kisicho na jina lake chenyewe huwa rahisi kusahauliwa. Mtu akienda kuomba mbegu za njugu, akapewa karanga, mara ya kwanza atarudi kulalamika. Mara ya pili atazipanda. Katika vijiji tuvijuavyo wako wasichana walioolewa juzi ambao hawajapata kuzipika njugu mawe, nao husikia "mawe" wakadhani ni karanga zilizoharibika.

Lakini kando ya ziwa letu liko jina la pili la kale, ambalo mgeni hakulichukua. Waganda huziita njugu mawe mpande, na Waluhya wa Kenya huziita tsimbande, na wasikiaji wenye masikio watajua kwamba ni neno moja. Tulilikumbuka hilo siku ile ya ugomvi, tukamwambia yule mnunuzi, "Bwana, huna watu wa Kakamega au Busia katika biashara yako?" Akasema anao. Tukamwambia awaulize kama wanataka tsimbande. Akatutazama, akatia mkono tena ndani ya gunia, akazichezesha zile punje, akacheka peke yake. Akasema, "Kumbe ni hizi! Bibi wa mke wangu huzipika." Akachukua magunia mawili kwa bei ya chini, na mawili akayaacha, na mama akalipa nusu ya deni lake, akakaa na lile lililobaki.

Mwezi haukuisha, mama akaja kwetu jioni na simu mkononi, amevaa khanga ya kutokea, akatuomba tumsomee ujumbe ulioingia, kwa kuwa macho yake hayaoni tena herufi ndogo. Ujumbe ulitoka kwa mtu yuleyule. Haukuwa na neno njugu, wala karanga. Tulimsomea kama ulivyoandikwa: tsimbande, magunia mawili.

Mama akatutazama kwa wasiwasi. "Mwalimu," akasema, "na hizi tena ni zipi?"